Duka la gemu la Mlandege: CD zao halisi, oda zao bado

Ukitafuta padi ya kuchezea ya PlayStation 5 (PS5) isiyo ya bandia, au CD ambayo tayari imo kabatini na unaiona kwa macho yako, duka hili la Mlandege ni katika maduka mazuri kabisa ya gemu hapa Unguja mjini. Nenda bila wasiwasi. Lakini ukitaka kuweka oda ya gemu ambalo bado halijatoka, kaa na pesa zako kwanza, usome haya niliyoyapata mimi. Jina la duka silitaji. Mwenyewe ni mtu mzima, namwita Ami kama wanavyomwita vijana wote wa pale, na utaratibu wake wa oda hauko kwake peke yake. Nimeukuta maduka mengine mpaka Darajani.

Gemu lenyewe ni Assassin's Creed Shadows, la kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa. Nililitaka tangu siku ilipotangazwa kwamba mmoja wa wahusika wake wakuu ni Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na mmisionari Alessandro Valignano, akaingia katika utumishi wa Oda Nobunaga, mtawala wa kivita wa Kijapani. Simulizi moja ya Wajesuti, mapadri wa Kikatoliki, inamtaja kuwa mtu wa Msumbiji. Mtu wa mwambao huu huu wetu, basi, aliyebeba upanga katika nchi ya mbali miaka mia nne na zaidi iliyopita. Kwa mtu aliyekulia Kikwajuni akicheza magemu ambayo kila shujaa wake ni Mzungu au Mjapani, hilo si jambo dogo. Tarehe ya kutoka ilikuwa 15 Novemba 2024, nami nikaweka oda mapema mwezi wa Septemba.

Kwa nini dukani, wala si kwa kubonyeza mtandaoni? Anayecheza PlayStation hapa kwetu anajua. Ukifungua akaunti, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi. Wengi wetu tuna akaunti za Marekani au Uingereza ambazo tulifunguliwa na mafundi, na kuzitia pesa ni mpaka ununue kadi za vocha kwa bei ya juu. Na gemu zito kama hili, ukisema ulishushe lote kwa bando la simu, utaumia. CD ndiyo njia yetu. Kwa hiyo maduka haya yana umuhimu, na kwa sababu hiyo hiyo yanapokosea wateja hatuna pengine pa kukimbilia kwa urahisi.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa laki mbili na kumi elfu. Nikatoa arbuni laki moja na nusu, iliyobaki nitoe siku ya kuchukua. Risiti nnayo mpaka leo: kipande cha daftari lenye karatasi ya kaboni, maandishi ya kalamu ya buluu, jina la gemu limeandikwa kwa kifupi "A.C. Shadow", chini yake "amelipa 150,000 – bado 60,000", na muhuri wa duka uliokauka wino upande mmoja. Tarehe ya kupokea mzigo haimo. Nilipouliza, kijana wa kaunta akanambia tarehe inajulikana dunia nzima, haina haja kuandikwa.

Wiki chache hazikupita. Tarehe 25 Septemba, Ubisoft wakatangaza kwamba gemu halitoki Novemba tena, limesogezwa hadi 14 Februari 2025. Star Wars Outlaws, gemu lao jingine la mwisho wa Agosti, lilikuwa halikuuzwa kama walivyotarajia, na walitaka muda wa kulisafisha hili zaidi. Pamoja na tangazo hilo wakasema mambo mawili ambayo mpaka leo nayahesabu kuwa ni ya kiungwana: walioweka oda watarejeshewa pesa zao, na watakaoweka oda upya watapewa nyongeza ya kwanza ya gemu bure. Nyongeza yenyewe ni sehemu mpya nzima ya hadithi, ambayo mtu mwingine atainunua kwa pesa yake.

Nikaenda Mlandege jioni baada ya kazi. Mimi ni fundi viyoyozi, nafanya kazi zaidi Nungwi na Kendwa mahotelini, kwa hiyo mjini narudi nimechoka. Nikamwambia Ami kwa adabu kwamba kampuni imesema wenye oda warejeshewe pesa, naomba laki na nusu yangu, mwezi wa Februari ukifika nitakuja tena. Hakukasirika. Akaniagizia kahawa, akanikalisha.

"Mwanangu, pesa ukizichukua utakosa ile nyongeza. Wewe oda yako iwache pale pale, nyongeza utaipata bure, mimi nakwambia. Kaka yangu yuko Dubai, kila kitu kinapitia kwake."

Maneno haya nayaweka kama alivyoyasema kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niwache pesa. Haki yangu ya kurejeshewa nilikuwa nayo mkononi, nikaiacha kwa sababu ya ahadi ya mtu mzima mbele ya kijana wake. Hiyo ni biashara iliyofungwa upya. Kilichobaki humu chote kinasimama juu ya hapo.

Tarehe 9 Januari ikasogezwa tena, safari hii hadi 20 Machi 2025. Mimi sikulalamika kwa hilo, na sitalalamika. Gemu linalotoka bovu ni hasara kubwa kuliko gemu linalochelewa. Gemu la Cyberpunk 2077 ni ushahidi tosha. Tarehe yake ilikuwa Aprili 2020, ikaenda Septemba, ikaenda Novemba, ikatoka 10 Desemba, na bado kwenye PS4 ilikuwa haichezeki. Haikupita hata wiki mbili Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kurejesha pesa za watu. Kampuni ikiniambia inahitaji wiki tano za kutengeneza kazi yake, nnaipa.

Lakini tazama kalenda. Tarehe 20 Machi mwaka ule ilikuwa katikati ya Ramadhani, karibu na kumi la mwisho. Huo ni wakati ambao kila mwenye nyumba anahesabu nguo za watoto za sikukuu, na sisi tunaofanya kazi za hoteli tunajua masika iko mlangoni, wageni wanapungua na kazi zinapungua nao. Laki na nusu yangu iko Mlandege tangu Septemba. Laiti ingekuwa imekaa huko ikifanya kazi niliyoipelekea, ningekuwa radhi kabisa.

Mzigo ulifika sikukuu imeshapita. Nilipigiwa simu, nikaenda. CD ni halisi, boksi limefungwa na nailoni yake, hilo nawapa haki yao. Kijana akanambia iliyobaki ni elfu tisini, kwa sababu nauli imepanda na dola imepanda. Nikatoa risiti. Imeandikwa bado sitini. Na kuhusu dola, kila anayebadilisha pesa anakumbuka jinsi shilingi yetu ilivyopata nguvu mwezi wa Desemba 2024. Ami akaitazama ile karatasi ya kaboni, akasema mchukulie sitini. Lililoandikwa lilinilinda.

Nikafungua boksi pale pale kaunta. Ndani CD iko upande wake, na upande wa pili pako patupu. Karatasi ya vocha ya nyongeza hakuna. Nikauliza. Kijana akaanza kutafuta chini ya kaunta, kisha akapiga simu. Kaka wa Dubai alikuwa kwenye spika na mimi nikamsikia mwenyewe akieleza, kwa sauti ya mtu ambaye haoni tatizo lolote: vocha ni za wale walioweka oda kabla gemu halijatoka, yeye alinunua CD zake dukani kule baada ya gemu kutoka, pamoja na mizigo mingine.

Maana yake hakukuwa na oda. Tangu Septemba hadi Machi, jina langu lilikuwa kwenye daftari la Mlandege tu. Dubai hakuna aliyenisajili popote. Pesa za wateja zilikuwa zinazungushwa dukani, zinaletea padi na kava za simu, na gemu likitoka mtu anaambiwa anunue kopi chache kama angelivyonunua mtu yeyote anayepita njia. Mimi nilikuwa nimemkopesha Ami bila kujijua, nikiamini nimenunua.

Hapo ndipo nilipodai fidia. Baba yangu aliposikia, jioni ile barazani, alinipinga.

"Pesa haizai kwa kukaa, mwanangu. Ukidai ziada kwa sababu ya siku, umeingia kwenye riba."

Nilimsikiliza, kwa sababu ana hoja. Biashara ya kulipa leo na kupokea baadaye si ngeni kwetu. Ndiyo salam inayosomeshwa katika fiqhi, na masharti yake yanajulikana: thamani ilipwe papo hapo, kitu kielezwe sifa zake, na muda uwe maalumu. Muuzaji akishindwa kuleta siku ilipofika, mnunuzi ana hiari yake, asubiri au arejeshewe mtaji. Ziada ya kusubiri haimo. Baba akaongeza kwamba mimi hata salam sikuitimiza, nilitoa arbuni nusu-nusu na muda haukuandikwa.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, na nataka wanaocheza gemu wenzangu walisikie hili, kwa sababu nawaona wengi wakidai kila gemu likichelewa wapewe chochote, nguo za mhusika, pesa za ndani ya gemu, punguzo. Kuchelewa peke yake hakukupi haki ya zawadi. Kunakupa haki ya kuchukua pesa yako siku ile ile tarehe iliposogezwa, yote, bila kubembelezwa na bila kuzungushwa. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, wanakurejeshea oda wakati wowote kabla gemu halijatoka. Gemu la The Last of Us Part II lilipoahirishwa bila tarehe mwezi wa Aprili 2020, Sony walirejesha pesa za waliolinunua mapema kwenye duka lao bila hata mtu kuomba. Marekani wana kanuni tangu 1975 inayomtaka anayeuza kwa oda amjulishe mteja kuchelewa na ampe nafasi ya kujitoa na pesa yake. Na wako waliofanya vizuri zaidi ya wote: Hollow Knight: Silksong ilitangazwa 2019, ikasubiriwa mpaka 4 Septemba 2025, na oda za mapema hawakufungua kabisa. Watu walisubiri miaka sita bila senti ya mtu kushikwa. Kuchelewa kule kulimuumiza nani mfukoni? Hakuna.

Lakini nilichokuwa nadai mimi si bei ya siku. Nilimwambia Baba: nyongeza iliahidiwa na kampuni kwa wenye oda, na Ami akaniahidi mwenyewe ili nisichukue pesa. Mpaka pale ilipotangazwa ilikuwa hisani. Ilipotangazwa, na mtu akaitumia kunizuia nisiondoke, ikawa sehemu ya mali niliyonunua, kama ilivyo CD yenyewe. Mtu akikuuzia gari kwa ahadi ya tairi la akiba, halafu akakuletea bila tairi, ukilidai huli riba. Baba alinyamaza muda, akasema, "Hilo mwambie hivyo hivyo." Basi nilimwambia Ami hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali la kama mteja wa oda anastahili fidia mimi nalijibu kwa kutazama pesa ilikuwa wapi. Kama muuzaji aliipeleka kweli, akaweka oda, na kampuni ndiyo iliyosogeza tarehe, muuzaji hana kosa, na mimi nikitaka nasubiri, nikitaka natoka. Kama muuzaji aliikalia, akaifanyia mambo yake, na kwa kuikalia huko akanikosesha kitu ambacho mwenye oda ya kweli alikipata, analipa thamani ya kile kitu. Si zaidi. Nyongeza ilipotoka tarehe 16 Septemba 2025 ikawa inauzwa dola 24.99. Hiyo ndiyo deni langu, haina haja ya kupiga hesabu ya miezi.

Ami alinipa kwanza kava la padi. Sikulichukua. Kava silo tulilokubaliana, na ukikubali kitu kidogo namna hii unakuwa umefunga mlango wa haki yako. Nilikwenda tena nyongeza ilipotoka, nikamwonyesha bei yake kwenye simu. Hatimaye akanikatia elfu thelathini kwenye padi mpya niliyonunua. Ni karibu nusu ya thamani yake, na nimekubali kwa heshima ya umri wake, lakini nasema wazi kwamba ni nusu. Kungekuwa na njia nyingine: Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipo hapa hapa Zanzibar, na kumlinda mtumiaji ni katika kazi zake. Sikutaka kumpeleka mtu mzima huko kwa nyongeza ya gemu. Mwengine atakayekwama kwa laki kadhaa na duka likakataa kabisa kumsikiliza, aende, na aende na risiti.

Gemu lenyewe? Zuri mno, na kusubiri kulistahili. Unacheza kwa watu wawili: Naoe, binti mwenye kunyemelea, anazima taa ukumbini na kupotea gizani, na Yasuke, anayeingia kwa mlango wa mbele na kuuvunja. Misimu inabadilika, theluji inaanguka, madimbwi yanaganda. Mpwa wangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa hajui gemu zaidi ya la mpira, alikaa kimya kabisa mara ya kwanza Yasuke alipopita kijijini na watu wakainama kumsalimu. Gemu la mpira, kwa faida ya wanaouliza, halina shida hizi. FC 25 ilitoka 27 Septemba 2024, FC 26 ikatoka 26 Septemba 2025, kila mwaka wakati ule ule, na hapo sioni hata sababu ya kuweka oda, subiri tu ije kabatini.

Sasa hivi pale dukani kuna ukurasa mpya wa daftari, na ndio ulionisukuma kuandika. Juu umeandikwa "GTA VI", chini majina ya vijana, mbele ya kila jina laki moja. Gemu hili, Grand Theft Auto VI, watengenezaji wake Rockstar walisema litatoka 2025, wakalisogeza hadi 26 Mei 2026, wakalisogeza tena hadi 19 Novemba 2026. Ukurasa ule ulipofunguliwa, bei ilikuwa haijatangazwa, kwa hiyo vijana wale walianza kutoa arbuni ya kitu kisicho na bei. Wengine wao ni wanafunzi wa skuli. Nimewaona kwa macho wakihesabu noti za elfu mbili mbili, zimekunjwa mpaka zimelainika, na kijana wa kaunta anazinyoosha moja moja kabla ya kuzitia kwenye droo.

Nilizungumza na Ami kuhusu ukurasa huo, tumekaa wawili, duka limeshatulia baada ya Isha. Nilimwomba kila risiti iandikwe tarehe iliyotangazwa, na chini yake iandikwe kwamba tarehe ikisogea mteja anaweza kuchukua arbuni yake yote siku hiyo hiyo. Nilimwomba pia kwamba oda zikifunguliwa Dubai, kila mwenye jina aonyeshwe namba ya oda yake iliyowekwa kule, ili kama kampuni itatoa chochote kwa wenye oda, kiwafikie. Hayo mawili ya mwanzo alikubali mbele yangu, akamwita kijana akamwambia aanze kuyaandika, na risiti moja mpya nimeiona ina tarehe. La namba ya oda alisema atazungumza na kaka yake.

Mpaka naandika hivi hajazungumza naye, au amezungumza na hajanipa jibu. Jina langu kwenye ukurasa ule halimo. Namba hiyo ikionyeshwa, laki moja yangu ipo tayari na nitarekebisha niliyoyaandika hapa juu. Kabla ya hapo, mzazi ambaye mwanawe anaomba laki ya GTA, fuatana naye mpaka kaunta na uulize mwenyewe oda imewekwa wapi.